Uso Wangu Katika Shamba la Mpunga

Vuta kiti ukae, wewe unayenisikiliza. Usiningoje mimi. Nitakusimulia nikiwa nimesimama, na huenda nikatoka uani mara mbili tatu kabla sijamaliza. Usidhani nimekuchoka. Ni mwili huu tu: umezoea kutafuta moto usiokuwapo, na mpaka leo haujaiacha kabisa tabia hiyo.

Nianze na moto wenyewe.

Mimi ni mwalimu wa biolojia katika shule moja ya sekondari hapa Kabondo, mjini Kisangani. Asubuhi moja, baada ya mvua, nilikuwa ubaoni nachora figo, mara nikasikia harufu ya plastiki inayoungua. Ilikuwa kali, kana kwamba mtu anayeyusha sahani chini ya pua yangu. Niliweka chaki nikachungulia dirishani. Hapakuwa na moshi, ila matope na baiskeli za walimu. Nikauliza darasa nani anachoma kitu. Wakatazamana. Harufu ikaondoka ghafla kama ilivyokuja, na nilipougeukia ubao sikujua nilikuwa nachora nini. Lile umbo nililitazama kama kazi ya mwalimu mwingine aliyesahau kufuta.

Msichana mmoja wa dawati la mbele akasema, "Prof, maharagi imeiva ao bado?"

Darasa likacheka. Nami nikacheka, huku jasho likinitiririka mgongoni.

Nyumbani harufu hiyo ilileta ugomvi. Mke wangu hupika uani kwenye mbabula, jiko letu dogo la makaa, na mimi nikawa natoka chumbani kila mara kumuuliza anaunguza nini.

"Haiko kitu inaungua, papa. Ni pondu."

"Mi nasikia plastiki."

"Plastiki! Miaka yote hii minakupikia, leo njo unaona minakupikia plastiki?"

Nilifunua sufuria, nikanusa. Pondu, kisamvu chetu, ilinuka pondu, na mawese, na samaki mkavu. Sikutosheka. Nilizunguka nyumba, nikashika nyaya za umeme ambao kwanza haukuwapo, nikafika mpaka kwenye ua wa jirani. Mwanzoni jirani alinionea huruma. Baadaye akawa akiniona tu anapaza sauti: "Zimamoto amefika! Leo moto iko kwa nani?"

Hapa nirudi nyuma kidogo, ili tusipoteane.

Miaka minne kabla ya harufu hiyo nilipata kansa nyuma ya pua, mahali pua inapokutana na koo. Ilianza kama sikio lililoziba na uvimbe shingoni. Nilitibiwa katika nchi jirani kwa dawa na kwa mionzi. Mionzi haionekani na haiumi wakati inapita, lakini lazima ipite palepale ilipokusudiwa. Basi wanakutengenezea barakoa. Wanachukua bamba la plastiki lenye matundu kama chekecheo, wanalilainisha katika maji ya moto, wanakulaza na kulishusha usoni lingali na joto. Linakuwa laini kama ngozi ya maziwa. Wanalibonyeza kwenye pua, kwenye kidevu, kwenye nyusi, na likipoa linakuwa gumu, lina sura yako. Kila siku ya matibabu wanakuvalisha na kuifunga barakoa kwenye meza, kichwa kisisogee hata upana wa ukucha. Nililala hivyo siku tano kila wiki, kwa wiki saba, nikihesabu pumzi zangu. Siku ya mwisho waliniuliza kama naitaka. Nikaibeba kwapani mpaka Kisangani.

Mionzi iliniponya. Usilisahau hilo katika yote nitakayosema. Lakini nyuma ya pua kuna jirani, na jirani huyo ni ubongo, upande wa chini, karibu na masikio yote mawili. Hata wakilenga vizuri namna gani, jirani anapata kidogo. Wagonjwa wengi hawaoni shida yoyote. Kwa wengine, baada ya miezi au miaka, vile vimishipa vidogo vya damu vinakufa polepole, na nyama ya ubongo pale inavimba. Mimi sikuyajua hayo. Nilikuwa nafundisha figo.

Mke wangu ndiye aliyenipeleka kwa daktari. Alisema siku moja mezani niliacha kujibu, nikawa namtazama bila kumwona, huku natafuna na kinywani hamna kitu. Aliniita mara tatu. Kisha nikaendelea na sentensi yangu kana kwamba hakuna kilichotokea, nami sikukumbuka lolote.

Daktari alikuwa mama mpole, hakuwa na haraka. Alinipiga picha za kichwa, akaziweka mbele ya mwanga, akagusa kwa kalamu sehemu iliyo juu ya sikio la kulia.

"Prof, nitakuambia kweli. Hapa imevimba. Inaweza kuwa kansa imerudi. Inaweza kuwa ile mionzi ya zamani njo iliumiza ubongo. Kwa picha, hizi mbili zinafanana sana."

"Alors, tofauti ni nini, kama zinafanana?"

"Tofauti ni kubwa. Kama ni kansa, tunaweza kukurudisha kwa mionzi. Kama ni mionzi ilileta, kukurudisha ni kukuumiza pahali palepale mara ya pili. Niletee karatasi za kule. Mionzi ilipita wapi, ilikuwa kiasi gani, na picha za kansa ya kwanza. Bila hizo ninabahatisha na kichwa chako."

Alinipa dawa ya kuanzia, akanikataza kuendesha baiskeli, akamfundisha mke wangu kuhesabu kila ninapopotea, ili tujue ninapotea kwa muda gani. Kisha tukarudi nyumbani kutafuta karatasi.

Nilizitafuta siku tatu. Nilimwaga sanduku la nguo, nikainua godoro, nikapekua kabati la shule kati ya mitihani ya zamani. Nilikula nikiwa nimesimama mlangoni. Mke wangu alinifuata nyuma akikunja nguo nilizomwaga, na hilo lilinikera kuliko harufu.

Siku ya tatu akasema, "Kaa, papa."

"Siwezi kukaa."

"Basi simama, unisikilize. Ile makaratasi uliichoma."

Nikacheka. "Nani?"

"Weye."

"Mimi? Mwalimu mzima?"

"Weye, na mikono yako. Mwanzo nilifikiri unatafuta nakala nyingine, ya kwako ya siri. Halafu nikaona unafungua sanduku ileile mara ya nne. Njo nikajua umesahau. Nikaogopa kukuambia."

Lazima nikueleze desturi yetu. Katika kikundi cha maombi tunachosali, mtu akirudi amepona tunafanya sikukuu ya shukrani. Akina mama wanavaa kitenge kimoja, panapikwa lituma, zile ndizi za kuponda, na samaki wa liboke, waliofungwa majanini, watu wanaimba, na mwishoni aliyepona anatia motoni vitu vya ugonjwa: bandeji, chupa tupu, shuka la hospitali. Vya ugonjwa visilale nyumba moja na mtu mzima. Ni desturi nzuri, nami bado naipenda. Machozi ya siku ile ni ya kweli.

Lakini mimi, kwa furaha, nilizidisha. Karatasi zangu zilikuwa za Kiingereza, na nyumbani kwetu hakuna aliyeweza kuzisoma. Nilizichukua zote, pamoja na picha kubwa za plastiki za kichwa changu, nikazitia motoni.

Haya yote niliambiwa. Mimi siyakumbuki hata chembe. Nilikataa, nikaapa, mpaka mke wangu akanifungulia picha katika simu yake. Pale uani nimesimama mimi, nimevaa shati la kitenge, meno yote nje, bahasha ya hospitali iko juu ya moto. Katika picha ya pili zile picha za plastiki zinajikunja na moshi ni mweusi. Nilimtazama mtu yule kama unavyomtazama ndugu wa mbali anayefanana nawe, unayetamani kumshika mkono asifanye anachofanya.

"Na ile plastiki unasikia kila siku," mke wangu akasema, "si njo hiyo? Imekurudilia."

Alitaka kunichekesha. Akaona uso wangu, akaacha.

Nilizunguka uani na simu mkononi. Kuna wakati mtu anayezunguka anafanya hivyo kwa sababu akisimama ataanguka. Nilizikuza zile picha kwa vidole viwili, moja baada ya nyingine, nikitafuta walau karatasi moja iliyonusurika. Na kwenye ukingo wa picha ya tatu nikamwona yaya, dada yangu mkubwa, anatoka nje ya picha kwa haraka, ameficha kitu cheupe kwapani.

"Yaya alibeba nini hapa?"

"Ile uso yako," mke wangu akajibu. "Ulitaka kuitia kwa moto, akakunyang'anya. Alisema batachoma vyote, lakini uso ya mudogo wake haichomwe. Baliteta sana na mama mukubwa wa maombi."

Nikakumbuka. Hilo, kwa bahati, nilikuwa bado nalo: chumba cha baridi, kijana wa mashine na kalamu nene ya wino, anaandika kitu kwenye paji la barakoa kabla hajanivalisha. Alikuwa anaandika namba ya faili langu.

Daktari, nilipomwambia, alisema wenzake wa kule wataweza kulitafuta faili kwa namba hiyo. Kwa jina peke yake, hawatahangaika. Watu wenye jina kama langu wamejaa.

Yaya anaishi Bengamisa, na ulikuwa msimu wa kufukuza ndege katika mpunga. Wakati huo analala shambani, ambako simu haishiki. Nilitaka kuondoka saa ileile. Mke wangu akakataa: tutaondoka asubuhi, na yeye nyuma yangu. Hivyo ndivyo tulivyopakiwa kwenye pikipiki, dereva mbele, mimi katikati, yeye amenikumbatia kama gunia la mchele.

"Huyu akipotea, mi njo nitamushika," alimwambia dereva. "We tazama barabara tu."

"Mama, iko mugonjwa ao iko mufungwa?"

"Iko bwana yangu. Ni vilevile."

Tulivuka daraja la Tshopo, tukaingia barabara ya udongo mwekundu. Wanaume walikuja upande wetu wakisukuma baiskeli zilizopakiwa makaa na ndizi mpaka hawaonekani. Mahali fulani harufu ilikuja. Nilijisemea, nitakaza meno, sitasema. Kilichofuata sikijui. Nilichosikia baadaye ni sauti ya mke wangu sikioni mwangu, inahesabu polepole, kwa utulivu kama anayehesabu mayai: thelathini na nane, thelathini na tisa, makumi ine.

"Umerudi?" akauliza.

"Nimerudi."

"Bon. Makumi ine. Tutaandika."

Dereva hakujua kitu.

Uso wangu niliuona kabla sijamwona yaya. Ulikuwa katikati ya mpunga uliokaribia kuiva, mweupe, umefungwa kwenye mti mrefu, umevishwa kitenge kilichochakaa na mikono ya vijiti iliyoning'inizwa makopo. Upepo ulipopita makopo yaligongana na ule uso ukageuka kidogo, pua yangu, kidevu changu, macho mawili yaliyofumba. Ndege waliokuwa wanashuka wakageuza njia.

Yaya akatoka kwenye kibanda chake akipiga makofi kwa kicheko. "Mudogo yangu! Angalia kazi unanifanyia! Kwa shule batoto banakucheka, huku ndege banakuogopa."

"Yaya, nimekuja kuchukua ile uso."

Kicheko kikakatika. Akasimama kati yangu na mpunga, mikono kiunoni. "Kuichoma? Nilisema haichomwe. Apana. Rudi kwenu."

Ilibidi nimweleze yote, pale juani, huku nikitembea mbele na nyuma kwenye tuta. Nilimwambia habari za harufu, za kupotea, za daktari, za karatasi. Nilipofika kwenye karatasi alimtazama mke wangu, na mke wangu akaitikia kwa kichwa: ndiyo, amesahau. Yaya aliingia kwenye mpunga mwenyewe, akaushusha uso, akaniletea kwa mikono miwili kama anavyobebwa mtoto.

Paji lilikuwa na matope na mavi ya ndege. Nilitaka kufuta kwa nguvu. Mke wangu akanishika mkono, "Polepole, utafuta na namba." Akalowesha ncha ya kitambaa, akawa anagusa tu, anaondoa, anagusa tena. Chini ya matope palikuwa na utepe wa kung'aa, umegeuka manjano, na chini ya utepe wino. Herufi moja, kisha tarakimu. Ya mwisho ilikuwa imefifia, haisomeki. Yaya akaiinua barakoa juani, mwanga ukapenya. Ilikuwa nne. Tuliitazama sote watatu, mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja akasema nne.

"Sasa muandike," yaya akasema. "Na musiandike pahali moja. Huyu tunamujua."

Mke wangu akaipiga picha. Mimi nikaandika kwenye daftari. Yaya akachukua kipande cha kaa, akaiandika ukutani kwa ndani ya kibanda chake, tarakimu kubwa kama za mtoto wa darasa la kwanza. Halafu akaninyang'anya kofia. Ndege hawangengoja, alisema, na kofia yangu ilikuwa bado na harufu ya kichwa changu.

Faili lilichukua zaidi ya wiki. Siku hizo sitazieleza sana, kwa sababu hata mimi naziona kama mtu anayepita mbio mbele ya dirisha. Nilikwenda shule. Niliwaambia wanafunzi ukweli, kwa maneno yaleyale niliyokuambia wewe, na wakauliza maswali mazuri kuliko yote waliyowahi kuniuliza. Tangu siku hiyo wao wenyewe huandika kwenye kona ya ubao kichwa cha somo na neno la mwisho nililosema. Nikigeuka na kukuta nimepotea, nasoma kona. Yule msichana wa maharagi ndiye aliyeongeza chini yake: "Hakuna moto, Prof."

Daktari alipotuita, alikuwa ameweka picha za kule na za hapa sambamba. Akanionyesha mahali kansa ilipokuwa, nyuma ya pua. Pako safi. Kisha akachora kwa kidole njia ya mionzi kutoka upande mmoja wa kichwa hadi mwingine, na kidole chake kikapita katikati ya ule uvimbe wangu mpya.

"Siwezi kuapa," alisema. "Lakini hii haifanani na kansa kurudi. Hii inafanana na mionzi. Hatukurudishi huko. Tutatumia dawa ya kushusha uvimbe, na ile ya kuzuia kupotea. Ile ya uvimbe usiikate ghafla hata ukijisikia muzima. Tutaishusha mimi na weye, polepole. Halafu tutapiga picha tena."

Nilimuuliza kuhusu plastiki, kama ni zile picha nilizochoma. Akacheka kidogo. "Ubongo ikiumia pale inazua harufu. Wengi banasikia kitu inaungua, hata bale hawakuchoma kitu. Usijitafutie kosa juu ya kosa."

Mke wangu akasema, "Kwa hiyo si mapishi yangu."

"Si mapishi yako, mama."

"Daktari, andika hiyo kwa karatasi. Mi nitaitunza mwenyewe."

Dawa ya uvimbe ilinitia njaa na ikaninyima utulivu, nikawa nakula lituma mbili na kufagia uwanja ambao haukuwa na takataka. Lakini picha iliyofuata ilionyesha uvimbe umepungua, na iliyofuata hiyo zaidi. Harufu bado inakuja mara mojamoja. Ikija nasimama, nashika kitu, na mke wangu akiwa karibu anaanza kuhesabu. Mara ya mwisho hakufika kumi. Baadhi ya maneno hayajarudi, na siku ya shukrani ile haijarudi kabisa. Ninayo katika simu tu. Barakoa iko hapa ukutani, na yaya ameshatuma ujumbe kwamba kofia haiogopwi kama uso, anautaka kabla mpunga wa msimu ujao haujatoa masuke.

Nitampelekea. Namba sasa iko mahali pengi.

Basi, wewe uliyevumilia kunisikiliza nikitembea: kama wewe au mtu wa nyumbani kwako aliwahi kupata mionzi ya kichwa au ya shingo, chukua daftari leo. Andika ugonjwa ulikuwa wapi, hospitali gani ilitibu, mwezi na mwaka, na namba ya faili. Piga picha kila karatasi uliyo nayo, hata usiyoweza kuisoma, umtumie mtu mmoja anayelala nyumba nyingine. Na siku ukisikia harufu ambayo mwenzako haisikii, au ukikuta dakika imepita bila wewe, usizunguke na sufuria za watu kama mimi. Nenda kwa daktari na daftari hilo mkononi, na neno lako la kwanza liwe hili: "Nilipata mionzi kichwani."